Kutuliza maumivu ya samaki, amfibia, reptilia na ndege

Kiongoroni ni kata ya wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani, ndani ya delta ya Rufiji, penye msitu mpana wa mikoko kuliko mwingine wowote wa Afrika Mashariki. Wanyama wanaopita mikononi mwa watu wa huku ni kambale na perege wa mtoni, samaki wa baharini wanaoingia na maji yakijaa, kasa anayenaswa kwenye jarife, kenge anayenyemelea mayai, na kuku wa kienyeji wanaozurura kila uwanja. Hakuna hata mmoja kati yao anayenyonyesha. Lakini elimu ya dawa za maumivu ya wanyama, kuanzia vitabu vya chuo hadi karatasi ndogo iliyomo ndani ya boksi la dawa, imejengwa juu ya ng'ombe, farasi, mbwa na paka. Makala hii inahusu waliobaki. Jambo moja litajirudia humu katika sura mbalimbali: kipimo cha mbuzi hakigawanywi kwa kumi kikawa kipimo cha kuku, na dawa inayomtuliza kobe inaweza isimfae nyoka kwa lolote.

Kuumia na kusikia maumivu

Karibu kila mnyama mwenye uti wa mgongo ana miisho ya neva inayoamka joto, mgandamizo au kemikali inapofikia kiwango cha kudhuru. Ujumbe hufika kwenye uti wa mgongo, na mguu huvutwa hata kabla ubongo haujashughulika. Hilo peke yake ni kinga ya mwili. Maumivu ni zaidi ya hapo: ni ile hali ya kukera na kutesa ambayo mwenyewe anaipitia. Shirika la kimataifa la utafiti wa maumivu lilitoa fasili yake mwaka 1979 na kuirekebisha mwaka 2020, na katika maelezo ya toleo jipya limesema wazi kwamba kushindwa kusema hakuondoi uwezekano wa binadamu au mnyama kuwa na maumivu.

Basi asiyesema anapimwaje? Watafiti hutazama kama mnyama anabadili mwenendo wake kwa muda mrefu kuliko mshtuko wa mara moja, kama yuko tayari kupoteza chakula au nafasi nzuri ili tu aikwepe adha, na kama mwenendo huo unarudi kuwa wa kawaida akipewa dawa ya maumivu. Kipimo hiki cha tatu kina uzito wa pekee. Dawa inakuwa tiba na ushahidi kwa wakati mmoja, kwa maana mofini haina sababu ya kumtuliza kiumbe asiye na kitu cha kutulizwa.

Samaki

Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Scotland walichunguza neva za uso wa samaki aina ya trauti. Kati ya vipokezi 58 walivyovipima, 22 vilikuwa vipokezi vya madhara vya aina ile ile inayojulikana kwa mamalia. Kisha wakawadunga baadhi ya samaki asidi ya siki au sumu ya nyuki mdomoni. Samaki hao walihema mbio, wakayumba huku na huku juu ya changarawe, na waliodungwa asidi wakasugua midomo yao chini. Waliodungwa maji ya chumvi tu walirudi kula baada ya kama saa moja na dakika 20. Wale wa asidi na sumu walikaa karibu saa tatu bila kugusa chakula. Walipopewa mofini, kuyumba na kujisugua kulipungua sana.

Wapo wasiokubali. James Rose wa Marekani mwaka 2002, na Brian Key wa Australia mwaka 2016, walishikilia kwamba samaki hana lile tabaka la nje la ubongo ambalo kwa binadamu ndilo linalobeba maumivu. Hoja ina kasoro: ndege naye hana tabaka hilo kwa muundo wa mamalia, na ni wachache wanaothubutu kusema kuku hasikii maumivu akivunjika mguu. Kwa papa na taa ushahidi ni hafifu zaidi, kwa sababu neva zao zina nyuzi chache sana za aina ile nyembamba inayobeba maumivu ya kuunguza. Mvuvi aliyechomwa na mwiba wa taa anaweza kuona si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Kwenye matibabu, ganzi ya samaki huingia kwa maji. Dawa hutiwa kwenye beseni, samaki anaivuta kwa matamvua, na ndani ya dakika chache anapoteza mizani, analala ubavu, kisha haitikii hata akibanwa mkia. Akirudishwa kwenye maji safi huiondoa dawa kwa njia ile ile. Dawa inayotumika zaidi maabara ni trikaini, iitwayo pia MS-222, unga mweupe unaoyafanya maji kuwa makali kama ndimu. Ndiyo maana huchanganywa na magadi soda, la sivyo samaki anaunguzwa na kitu kilicholetwa kumpumzisha.

Ya pili iko jirani kuliko watu wanavyodhani. Mafuta ya karafuu, yale yale yanayotiwa kwenye jino bovu, yana kiini kiitwacho eujeno ambacho huziba milango ya chumvi kwenye neva kwa namna inayofanana na lignokeini ya hospitali. Kule Wawi, Pemba, kiko kiwanda cha makonyo kinachokamua mafuta hayo. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, sehemu moja hutiwa kwanza kwenye sehemu tisa za spiriti halisi, ndipo mchanganyiko unamiminwa kwenye beseni. Kwa samaki wengi kiwango cha kulaza kiko kati ya miligramu 25 na 100 kwa kila lita, kutegemea aina, ukubwa na joto la maji. Kambale anasumbua hapa: ana kiungo cha kuvuta hewa juu ya matamvua, hivyo anaweza kupanda juu na kupumua hewa badala ya maji yenye dawa, akachelewa kulala.

Kambale ndiye samaki anayestahili kuzungumzwa kwa kirefu, maana ufugaji wake una hatua ambayo haiwezi kuepuka kisu. Jike hudungwa homoni na baadaye mayai yake hukamuliwa kwa kubonyeza tumbo. Dume hakamuliki, korodani zake zimejikunja ndani na manii hayatoki kwa kubonyeza. Mtotoleshaji ama anamuua ili azitoe, ama anampasua, anachukua kipande na kumshona. Njia ya pili inaokoa dume zuri kwa misimu mingine, lakini ni upasuaji kamili wa tumbo. Bila beseni la ganzi, kinachoonekana kama utulivu ni samaki aliyebanwa kwa nguvu ndani ya taulo lenye maji. Na hata beseni halimalizi kazi: ganzi ya karafuu huisha dakika chache baada ya samaki kurudi majini, wakati kidonda bado kibichi. Ndiyo sababu madaktari wa samaki huongeza lignokeini kidogo kwenye mstari wa kupasua, au mofini ya sindano pale sheria inaporuhusu.

Onyo moja la sokoni: samaki aliyelazwa kwa dawa hizi si wa kuliwa siku hiyo. Marekani haijaidhinisha mafuta ya karafuu kwa samaki wa kula, ingawa New Zealand inaruhusu dawa ya jamii hiyo hiyo, isoeujeno, bila siku za kusubiri. Kwa samaki wa chakula, kinachobaki ni kufupisha muda wa kufa. Kambale anayeachwa kwenye ndoo kavu anaweza kuishi kwa saa nyingi, na barafu humpooza mwili polepole bila kumpotezea fahamu haraka. Pigo moja zito juu ya macho, kisha kukata matamvua damu itoke, humaliza kazi kwa sekunde, na nyama hukaa vizuri zaidi.

Amfibia

Ngozi ya chura ni mlango wa kila kitu. Anakunywa kwayo, anapumua kwayo kwa sehemu, na dawa huingia kwayo. Mtu aliyetoka kupaka dawa ya mbu kisha akamshika chura ameshampa dozi. Upande wa faida ni kwamba chura anaweza kulazwa kwa kuwekwa tu kwenye sahani ya maji yenye trikaini, bila sindano.

Kipimo kilichozoeleka cha maumivu ya vyura kilienezwa na Craig Stevens wa Marekani. Tone la asidi ya siki huwekwa juu ya paja, likianza na nguvu ndogo na kuongezwa, hadi chura ajipanguse kwa mguu. Akipewa dawa inayofanya kazi, huhitaji asidi kali zaidi kabla ya kujipangusa. Kwa njia hii iligundulika kwamba vyura wanaitikia mofini na jamaa zake, ila kwa vipimo vikubwa kuliko vya mamalia, na kwamba dawa za kundi la deksimedetomidini huwatuliza maumivu bila kuwalaza kama zinavyomlaza mbwa.

Mfano mkubwa wa tiba ya amfibia katika nchi yetu unahusu maji yanayopita delta hii. Mto Kihansi huteremka Udzungwa, unaingia Kilombero, nao Kilombero unaingia Rufiji. Kwenye manyunyu ya maporomoko yake aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa dhahabu asiyefika sentimita 3, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Bwawa la umeme lilipopunguza manyunyu, vyura 499 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 kulelewa kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa bondeni. Kwa kiumbe wa ukubwa huo, ncha ya sindano yenyewe ni jeraha la haja. Tiba yake hupitia zaidi ngozini.

Reptilia

Mwenye damu baridi hutibiwa kwa kutazama kwanza kipimajoto. Kobe, kasa, nyoka na mamba hawatengenezi joto lao kama sisi. Kasi ya ini na figo inafuata joto la mahali. Dawa iliyodungwa kwa kenge aliyepoa alfajiri itakaa mwilini kama mgeni asiyepewa kiti, haifanyi kazi wala haiondoki. Kasa mwenye maumivu akiwekwa kivulini kwenye joto analolizoea, tiba imeshaanza. Sindano nayo huchomwa nusu ya mbele ya mwili, kwa kuwa damu ya miguu ya nyuma inaweza kupita kwenye figo kabla ya kuzunguka, ikaondoka na dawa.

Kwa miaka mingi madaktari wa reptilia walitumia botofanoli, dawa iliyoonekana salama. Kati ya 2007 na 2008 Kurt Sladky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliipima kwa kumulika joto kwenye mguu wa kobe wa majini na kuhesabu sekunde kabla hajauvuta. Botofanoli haikubadilisha chochote; mofini ilifanya kazi, ingawa ilichukua saa kadhaa kuanza na ilipunguza sana upumuaji. Kwa mijusi wa jangwani matokeo yalikuwa yale yale. Kwa nyoka wa mahindi mambo yaligeuka: mofini haikusaidia, na botofanoli ilionesha dalili kwa dozi kubwa tu. Baadaye tramadoli ilionekana kumtuliza kobe kwa muda mrefu huku ikimbana pumzi kidogo. Miaka mingi wagonjwa walikuwa wanapewa dawa isiyowatuliza, na hakuna aliyejua, kwa sababu kobe mwenye maumivu na kobe mwenye nafuu wote wamenyamaza.

Unyamavu huo umeleta kosa baya zaidi kwa mamba. Kusini mwa Afrika mamba walikamatwa kwa miongo mingi kwa dawa iitwayo galamini, inayolegeza misuli hadi mnyama hawezi kufumba taya. Anaweza kubebwa, kupimwa, hata kushonwa. Galamini haigusi maumivu wala fahamu. Mamba amelala macho wazi, anasikia kila kitu, ila hawezi kujigeuza. Kwa kumhamisha mamba aliyezoea kukaribia watu inaweza kutetewa. Kwa kumkata au kumshona bila lignokeini haitetewi.

Kasa ndiye reptilia anayekutana zaidi na mvuvi wa delta. Anapaswa kuvuta pumzi juu ya maji, na jarife linapomshikilia chini, mapafu hujaa maji. Akitolewa hana nguvu asilazwe chali, kwani mapafu yake yako mgongoni na matumbo yatayakandamiza. Alazwe kifudifudi, sehemu ya nyuma ikiinuliwa kama shubiri moja ili maji yatoke, afunikwe kitambaa chenye unyevu, apewe hadi saa 24 kabla hajahesabiwa kuwa amekufa. Mshipi uliozama kwenye pezi usivutwe; ukatwe pande zote mbili. Kwenye vituo vya tiba kama kile cha Watamu, Kenya, ambako harakati za kulinda kasa zilianza mwaka 1997, kazi ya namna hii hufanywa kwa ganzi ya sindano kwenye pezi. Ganzi ya kuvuta puani ina mtego wake, maana kasa hubana pumzi kwa muda mrefu na daktari anaweza kusubiri hadi achoke.

Ndege

Mpe kuku pilipili kichaa uone: anaimeza na kurudi kutafuta nyingine. Kipokezi kinachomfanya binadamu atokwe machozi kimo pia kwenye neva za ndege, na kinaamshwa na moto kama cha kwetu, lakini umbo lake halishikwi na kiini cha pilipili. Sven-Eric Jordt na David Julius walilionesha hilo mwaka 2002, na Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi ya kipokezi hicho. Kuku anaungua kwa kaa la moto sawa na wewe, ila haungui kwa pilipili.

Tofauti za namna hiyo ziko pia kwenye vipokezi vya dawa. Katika ubongo wa mbele wa njiwa takriban asilimia 76 ya vipokezi vya jamii ya mofini ni vya aina ya kapa, hivyo botofanoli, inayoshika aina hiyo na ambayo haikumsaidia kobe, ikawa dawa ya kwanza ya kasuku. Halafu vipimo vya kozi wa Marekani vikaonesha kwamba kwake dawa za upande wa mofini zinafanya kazi vizuri kuliko botofanoli. Hata ndani ya ndege kwa ndege, basi, jedwali moja halitoshi.

Kwamba kuku anasikia maumivu na anataka yaondoke kulioneshwa kwa ushahidi mzuri kule Bristol, Uingereza, mwaka 2000. Kuku wa nyama waliochechemea na waliokuwa wazima waliwekewa chakula cha rangi mbili, kimoja kikiwa na karprofeni, dawa ya kutuliza maumivu ya viungo. Waliochechemea walichagua chakula chenye dawa zaidi, na kadiri mguu ulivyokuwa mbaya ndivyo walivyokula zaidi.

Hatari kubwa kwa ndege ni ganzi yenye nia njema. Chukua jogoo wa kilo moja na nusu aliyepasuliwa na kenge, na chupa ya lignokeini ya asilimia 2. Kila mililita ina miligramu 20. Kiwango cha tahadhari kwa ndege ni kama miligramu 4 kwa kila kilo, yaani jogoo huyu anastahili miligramu 6, sawa na mililita 0.3. Anayechoma mililita mbili kama angemchoma mbuzi atamwona jogoo akitetemeka, akipiga mabawa na kufa, kisha ataambiwa ni kidonda kilichomuua. Dawa hizi ni za mtaalamu wa mifugo, na mofini na jamaa zake ziko chini ya udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa kuku wengi wa kijijini, hata hivyo, mateso makubwa hayatokani na kidonda. Yanatokana na kideri, ambacho hakina tiba, lakini kina chanjo ya I-2 isiyoharibika upesi kwa joto, inayotiwa tone moja jichoni kila miezi mitatu. Tone hilo huzuia maumivu mengi kuliko chupa yoyote ya kutuliza.

Kisa kizito kuliko vyote kinahusu tumbusi. Miaka ya 1990 tumbusi wa India, Pakistani na Nepali walianza kufa kwa wingi, na spishi tatu zilipungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 Lindsay Oaks na wenzake walithibitisha kilichowaua: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Ng'ombe akifa na dawa mwilini, tumbusi wakamla, figo zao huharibika na chumvi nyeupe kujaa juu ya moyo na ini. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Meloksikamu, iliyopimwa kwa tumbusi wenyewe, ilionekana salama. Ketoprofeni, iliyodhaniwa kuwa mbadala, nayo ikathibitika mwaka 2010 kuwa inaua. Tumbusi mgongo-mweupe wa Afrika, anayezunguka juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mkondo wa juu wa Rufiji, ni wa jamii hiyo hiyo na hudhurika vivyo hivyo. Mwaka 2007 diklofenaki ilikutwa ikiuzwa kwenye duka moja la huduma za mifugo hapa Tanzania. Mfugaji anayemtuliza ng'ombe wake anafanya wema, lakini lazima aulize ni dawa gani, maana mzoga haufungiwi ndani.

Na kamba je?

Swali hili haliepukiki mahali ambapo kamba na kaa ndio fedha. Hawana uti wa mgongo, lakini mwaka 2008 Robert Elwood na wenzake huko Belfast waliwapaka kamba asidi ya siki kwenye papasi moja. Kamba waliisafisha na kuisugua papasi ile ile kwa muda mrefu, na ganzi ya benzokeini ikapunguza hayo. Watafiti wengine mwaka 2010 walijaribu na spishi nyingine bila kuona itikio lolote. Hata hivyo Uingereza mwaka 2022 iliwaingiza kaa, kamba na pweza kwenye sheria ya viumbe wenye hisia.

Kaa koko wa delta hufungwa magando kwa ugwe na kusafirishwa hai. Kwa atakayemuua jikoni, kumpoza kwanza kwenye barafu na kumchoma kwa kitu chenye ncha sehemu mbili, moja karibu na macho na nyingine chini ya ulimi wa tumbo, humaliza upesi, kwa sababu neva zake zina vituo vikuu viwili na kuua kimoja kunakiacha kingine kikifanya kazi.